SOMO: SIKUKUU ZA DESEMBA, TUSHEREHEKEE BILA KULA MBEGU

Somo la toleo hili linahusu sikukuu na siku maalumu zinazoadhimishwa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi siku ya Mwaka Mpya. Tumelichagua kwa sababu kila mwaka, ifikapo Januari, vikundi vyetu vya Kilosa na Mikumi hupokea maombi mengi ya mikopo ya dharura kwa mahitaji yaleyale: mbegu, sare za shule na chakula. Fedha za mahitaji hayo mara nyingi zilikuwepo Novemba.

Lengo la somo: Baada ya somo hili wanakikundi waweze (a) kueleza kwa nini sikukuu nyingi duniani ziko Desemba, (b) kutaja siku maalumu za kipindi hiki na kuzitumia kwa manufaa ya jamii, na (c) kuandaa mpango wa kaya unaotenganisha fedha za sikukuu, za shamba na za shule.

Muda: Saa 2. Somo linaweza kugawanywa katika vikao viwili.

1. KWA NINI DESEMBA INA SIKUKUU NYINGI?

Wenzetu wanaoishi kaskazini mwa dunia huingia katika majira ya baridi mwezi Desemba. Usiku mrefu kuliko wote katika mwaka kwao huwa kati ya tarehe 21 na 22. Kule Stockholm, Sweden, mchana wa siku hiyo una takribani saa 6 tu. Hapa Kilosa siku hiyohiyo tuna mwanga wa jua kwa saa 12 na zaidi kidogo, na joto ni kali.

Kabla ya mitambo ya kisasa ya kuhifadhi chakula, mkulima wa Ulaya alimaliza kazi za shamba kabla ya baridi. Ghala lilikuwa limejaa nafaka. Majani ya mifugo yalipungua, hivyo alichinja wanyama asioweza kuwalisha hadi majira mengine. Alikuwa na nyama, alikuwa na nafaka, na hakuwa na kazi ya kufanya shambani kwa sababu ardhi ilikuwa baridi mno. Huo ulikuwa wakati mzuri wa kusherehekea. Ndiyo maana sikukuu za huko hujaa mwanga na chakula.

Tuangalie mifano michache:

• Tarehe 6 Desemba nchi nyingi za Ulaya humkumbuka Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Anakumbukwa kwa kuwasaidia maskini kwa siri.

• Tarehe 13 Desemba watu wa Sweden huadhimisha siku ya Lusia. Msichana aliyevaa kanzu nyeupe na taji la mishumaa huongoza maandamano kuleta mwanga katika giza la baridi.

• Wayahudi huadhimisha Hanuka kwa siku 8, wakiwasha taa moja zaidi kila jioni. Kwa kuwa wanafuata kalenda ya mwezi na jua, sikukuu hii huangukia kati ya mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Januari.

• Wairani hukesha usiku wa Yalda, ambao ni usiku mrefu kuliko wote, wakila matunda na kusimuliana hadithi pamoja na wazee.

• Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia husherehekea Krismasi, wanayoiita Genna, tarehe 7 Januari. Kabla yake hufunga kuanzia mwishoni mwa Novemba, bila kula nyama wala maziwa. Wakati huo sehemu kubwa ya teff imekwisha kuvunwa.

• Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika huadhimisha Kwanzaa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Ilianzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga. Jina limetokana na maneno yetu ya Kiswahili "matunda ya kwanza", na nguzo zake 7 zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

Mwezeshaji awaulize wanakikundi: Katika mifano hii, watu wanasherehekea kabla ya mavuno au baada ya mavuno? Majibu yataonyesha kuwa sehemu nyingi ghala lilijaa kwanza, kisha sherehe ikafuata.

2. DESEMBA YA KILOSA NA MIKUMI

Sasa tujitazame wenyewe. Wakulima wetu wengi huvuna mahindi na mpunga katikati ya mwaka, baada ya mvua za masika. Kufikia Desemba, kihenge kilichojaa mwezi Julai kimebaki nusu au kimeisha. Bei ya mahindi sokoni imeanza kupanda. Wakati huohuo mashamba yanahitaji kusafishwa, kulimwa na kupandwa. Wakulima wa miwa wa Kidodi na Ruhembe wako karibu na mwisho wa msimu wa kiwanda, na malipo yanayofuata yako mbali.

Kwa maneno mengine, Krismasi ilitufikia ikiwa imepangwa katika kalenda ya watu wenye ghala lililojaa, nasi tunaisherehekea katika mwezi wa kupanda. Imani yetu haipungukiwi kitu kwa hilo, na wala hatusemi sikukuu ihamishwe. Tunachosema ni kwamba mkulima wa Kilosa anahitaji maandalizi ambayo mkulima wa Ulaya hakuyahitaji. Asipojiandaa, atalipia sikukuu kwa kuuza kitu ambacho angepaswa kukitumia Januari.

Vitu hivyo tunavifahamu. Kuna mahindi ya mbegu yanayopelekwa mashine ya kusaga, mbuzi jike anayeuzwa kwa bei ya haraka, na shamba linalokodishwa kwa mwenye fedha ili watoto wapate nguo mpya. Siku hizi kuna pia mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu, ambayo riba yake humfanya mtu alipie kuku wa Krismasi hadi Pasaka.

Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za msingi na sekondari za Serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita nao wakaondolewa ada. Hata hivyo sare, viatu, madaftari na nauli ya mwanafunzi wa bweni bado ni jukumu la mzazi, na vyote vinahitajika wiki mbili tu baada ya Krismasi.

Wenzetu Waislamu wana jambo la kutufundisha hapa. Kalenda yao inafuata mwezi, hivyo Idd hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka. Mwaka 2000, 2001 na 2002 Idd el-Fitri iliangukia Desemba. Mwaka 2030 mwezi wa Ramadhani utaanza mara mbili, Januari na tena Desemba. Familia ya Kiislamu huwa na Idd wakati wa mavuno miaka kadhaa, na wakati wa njaa miaka mingine, hivyo hulazimika kuhesabu msimu kabla ya kupanga sherehe. Sisi ambao tarehe yetu haibadiliki tuna nafasi nzuri zaidi ya kujipanga.

3. SIKU MAALUMU ZA KIPINDI HIKI NA MATUMIZI YAKE

Zipo siku nyingine ambazo hazina pilau wala nguo mpya, lakini zina uzito katika maisha yetu. Kila kikundi kichague angalau mbili za kuadhimisha.

25 Novemba hadi 10 Desemba: Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia. Kampeni hii ilianza mwaka 1991. Tarehe 25 Novemba ilichaguliwa kuwakumbuka dada watatu wa familia ya Mirabal waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika. Kwa vikundi vyetu, hiki ni kipindi cha kuuliza nani anaamua matumizi ya fedha za mavuno. Mama aliyepalilia mpunga akiambiwa asiulize fedha zilikokwenda, huo nao ni ukatili.

1 Desemba: Siku ya UKIMWI Duniani. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983. Mikumi iko kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na malori hulala hapo kila usiku. Mwisho wa mwaka wasafiri huongezeka. Kikundi kihamasishe upimaji wa hiari. Pia kiwakumbushe wanaotumia dawa za ARV wachukue dawa za kutosha kabla ya kusafiri kwenda kusalimia wazazi, kwa kuwa kuruka dozi huipa virusi nafasi ya kuzoea dawa.

3 Desemba: Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1992. Fanyeni jambo moja linaloonekana: ngazi ya kanisa au ya ofisi ya kijiji iwekewe njia ya baiskeli ya magurudumu matatu, au mtoto aliyefichwa ndani aandikishwe shule Januari.

9 Desemba: Uhuru. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na kuwa Jamhuri tarehe hiyohiyo mwaka 1962. Wazee wanaokumbuka Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro wanazidi kupungua. Waalikeni wawasimulie vijana.

10 Desemba: Siku ya Haki za Binadamu. Inakumbusha Tamko la mwaka 1948.

Jumapili 4 za Majilio. Ni kipindi cha kanisa kujiandaa. Taji la mishumaa tunaloliona katika baadhi ya sharika lilianzia kwenye kazi ya diakonia. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri, alifungua makazi ya watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Watoto walikuwa wakiuliza kila siku Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa midogo kwa siku za kazi na mikubwa 4 kwa Jumapili, wakawa wanahesabu kwa kuwasha mmoja kila siku. Watoto wale waliokuwa na shida walijifunza kungoja, na kila siku waliona wamekaribia kwa hatua moja.

4. SHEREHE ILIYOGEUZWA KUWA KAZI

Wapo wanaodhani kupunguza sherehe ni kudharau sikukuu. Taifa letu limekwisha kutoa mifano tofauti.

Mwaka 2015, wakati kipindupindu kilikuwa kimeenea katika mikoa kadhaa, Rais John Magufuli aliagiza Siku ya Uhuru iadhimishwe kwa kufanya usafi nchi nzima. Shilingi bilioni 4 zilizokuwa zimetengwa kwa sherehe zilielekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye alisitisha sherehe za Uhuru, na shilingi milioni 960 zikaelekezwa kujenga mabweni 8 ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Kikundi au usharika unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiwango chake. Kuchimba mifereji na kufukia madimbwi tarehe 9 Desemba ni kuadhimisha Uhuru. Wanakwaya wakiamua kuvaa sare za mwaka jana na fedha za vitenge zikanunua madaftari ya yatima wa mtaa, bado wataimba vizuri.

5. DESEMBA MBILI TUSIZOZISAHAU

Desemba ya mwaka 2000. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani kwetu, katika mapigano kati ya wafugaji na wakulima. Siku ile Waislamu walikuwa katika mfungo wa Ramadhani. Wakristo walikuwa katika wiki ya kwanza ya Majilio. Kesho yake ilikuwa Siku ya Uhuru, na keshokutwa Siku ya Haki za Binadamu. Sikukuu zote hizo zilikuwa kwenye kalenda, na hazikuzuia damu kumwagika. Wakati huu wa mwaka malisho ni haba kabla mvua hazijakolea, mifugo husogea kwenye mabonde ya mito, na wakulima nao huanza kulima hukohuko. Kwa hiyo tunasisitiza kila mwaka kwamba kamati za amani za vijiji zikutane Novemba, wakulima na wafugaji wakiwa meza moja, wakubaliane njia za mifugo na mahali pa kunyweshea maji. Mfugaji aalikwe kwenye pilau ya mkulima kabla ng'ombe hajaingia shambani.

Desemba ya mwaka 2009. Mwishoni mwa Desemba 2009, watu wakiwa bado katika sikukuu, mto Mkondoa ulifurika na kuingia mjini Kilosa. Maelfu walipoteza makazi na kuanza mwaka 2010 katika mahema. Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe iliharibiwa vibaya. Januari 2014 ikawa zamu ya Dumila na Magole. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka Katesh, wilayani Hanang, na kuua makumi ya watu. Mvua haisubiri tumalize likizo. Kaya zilizo kando ya mito zikubaliane kabla ya Krismasi nani atambeba bibi, watoto watakimbilia wapi, na vyeti na kadi za kliniki vihifadhiwe wapi. Mbegu nazo ziwekwe juu, ndani ya chombo kisichopitisha maji.

6. MPANGO WA KAYA: MIFUKO MITATU

Wafundisheni wanakikundi njia hii rahisi. Kila kaya iwe na mifuko mitatu, au bahasha tatu, au mafungu matatu katika daftari la kikundi.

Mfuko wa kwanza ni wa shamba. Ekari moja ya mahindi inahitaji takribani kilo 8 hadi 10 za mbegu. Nunueni au tengeni mbegu mara baada ya mavuno, kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni mbegu ya kuhifadhi nyumbani, ikaushwe vizuri na iwekewe alama ili isichanganywe na ya chakula.

Mfuko wa pili ni wa shule. Orodhesheni mahitaji ya kila mtoto na mnunue Novemba, kabla bei za madukani hazijapanda.

Mfuko wa tatu ni wa sikukuu. Huu nao ni halali. Mtoto akumbuke Krismasi ya nyumbani kwao kwa furaha. Tuchukue mfano: kuanzia wiki ya kwanza ya Julai hadi mwisho wa Novemba kuna takribani wiki 22. Kaya ikiweka shilingi 2,000 kila wiki itakuwa na shilingi 44,000. Jogoo wawili wakitengwa tangu wakiwa vifaranga, nyama imepatikana bila kwenda buchani.

Kanuni ni moja: mfuko wa tatu ukiisha, sherehe imeisha. Mifuko miwili ya kwanza haiguswi.

Kwa vikundi vya VICOBA, tunashauri mjadiliane tarehe ya kuvunja mzunguko na kugawana. Vikundi vingi huvunja katikati ya Desemba, na mwanachama anapokea fedha zote wiki moja kabla ya Krismasi. Mnaweza kugawana kwa awamu mbili: sehemu ya sikukuu Desemba, na sehemu kubwa zaidi wiki ya kwanza ya Januari. Vinginevyo kikundi kinunue mbegu na madaftari kwa pamoja kwa bei ya jumla, na mwanachama apokee vitu pamoja na fedha.

7. MAANDIKO YANASEMA NINI?

Someni Mambo ya Walawi sura ya 23. Sikukuu kubwa za Israeli zilifungwa kwenye mavuno: ya shayiri, ya ngano, na mwisho wa mavuno yote. Katikati ya maagizo hayo, mstari wa 22, mwenye shamba anaagizwa asivune hadi pembeni, ili maskini na mgeni wapate. Someni pia Kumbukumbu la Torati 16, ambapo wanaotajwa kualikwa katika furaha ni pamoja na mtumishi, mgeni, yatima na mjane. Kisha someni Mwanzo 41. Yusufu hakuzuia watu wa Misri kula katika miaka ya neema. Alitenga kwanza sehemu ya tano, na watu wakala kilichobaki.

Na usiku ule wa Bethlehemu wazazi walikuwa safarini, bila nafasi katika nyumba ya wageni. Hakuna aliyekuja kwao na kukuta karamu.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Desemba iliyopita, kaya zetu ziliuza au kukopa nini kwa ajili ya sikukuu? Tulilipa lini?
2. Ni nani nyumbani aliyeamua? Je, mke na mume walikaa pamoja?
3. Katika kijiji chetu, wakulima na wafugaji wamekutana lini mara ya mwisho kabla ya ugomvi kutokea?
4. Mto ukifurika usiku wa tarehe 26, tutajuaje na tutakwenda wapi?
5. Ni nani jirani yetu ambaye hatakuwa na chakula cha Krismasi, na tutamfikiaje bila kumwaibisha?

KAZI YA KIKUNDI: Chagueni siku mbili kutoka sehemu ya 3. Andikeni kazi itakayofanyika, msimamizi wake na gharama. Katibu aisome tena katika kikao cha kwanza cha Januari, na kila mwanachama aseme kama mbegu yake imeingia ardhini.

Tunawatakia Majilio mema, Krismasi yenye amani na msimu mwema wa kupanda.